Mstari Uliotarajiwa

1

Ijumaa ile kikosi cha Atupele ndicho kilichomimina chai ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Idara ya Milima pale Tukuyu: kikosi kilichomaliza wiki na skrini tulivu, isiyo na onyo hata moja la kushtukiza, kilitangulia kwenye birika, na wengine wakangoja zamu yao huku wakitaniwa. Atupele alikuwa ametangulia mara nyingi mno hata wenzake wakambandika jina la Mama Chai. Hakujali. Utulivu wenyewe yeye ndiye aliyeubuni.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha tangu Krismasi. Mvua ya Tukuyu haina adabu, haipigi hodi wala haiagi. Alirudi mezani na kikombe chake, akavuta sweta, akaendelea na kazi ambayo hakuna mhandisi anayeipenda: kuandika upya mwongozo.

Mezani palikuwa na chungu cha udongo, na ndani yake zilizikwa mbegu mbili. Si mbegu za kuota. Vilikuwa vidude vya ukubwa wa punje ya maharage, vilivyopandwa kwenye miteremko yote ya Rungwe baada ya maporomoko ya mwaka wa Tope Kuu, visikilize ardhi. Udongo ukianza kuteleza, mbegu huuambia mtambo wa kituo, na mtambo huandika mstari mmoja katika kumbukumbu zake: UDONGO UMESOGEA. King'ora husoma mstari huo na kulia, watu wakakimbia. Hakukuwa na njia nyingine. Uhai wa watu wa milimani ulikuwa umening'inizwa kwenye maneno mawili.

Sasa nani atahakikisha kwamba mtambo unaandika unachopaswa kuandika? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Sikio, na Sikio lilikuwa kazi ya Atupele. Lilikuwa programu iliyokaa mdomoni mwa mtambo wakati wa majaribio, na amri zake zilikuwa tatu tu: SIKILIZA, TARAJIA, THIBITISHA. Mhandisi anaandika mstari anaoutarajia, anatikisa chungu, Sikio linaudaka mstari, linaulinganisha, linawasha taa ya kijani. Kisha linafanya jambo moja zaidi, ambalo Atupele alilipigania katika kikao kilichoanza kwa maneno makali. Mstari uliotarajiwa, Sikio linaumeza. Haufiki popote tena.

"Mgeni uliyemwalika mwenyewe, humpigii yowe akifika," aliwaambia siku ile, na wakacheka, na wakakubali. Kwa nini skrini ijae maonyo ambayo mtu ameyaita kwa mkono wake? Yakimezwa hayo, lile lisilotarajiwa litabaki peke yake, jekundu, na kipofu ataliona. Lilikuwa wazo zuri. Balaa la mawazo mazuri ni kwamba hakuna anayerudi kuyachungulia.

Alichukua ukurasa wa mfano kutoka mwongozo wa zamani, akauingiza kwenye mtambo wa mezani kama ulivyo, ahakikishe bado unafanya kazi. Akatikisa chungu.

Taa ya kijani ikawaka. King'ora kidogo kilichofungwa ukingoni mwa meza kikakaa kimya.

Akadhani ni waya. Akaukagua. Akatikisa tena, kwa nguvu, udongo ukamwagika juu ya karatasi. Kijani. Kimya. Akausoma ule mfano, na safari hii aliusoma kama mtu asiyeujua. TARAJIA: UDONGO UMESOGEA. Siku alipouandika alihitaji mstari wowote wa kuonyeshea, akaweka uliomjia kwanza. Chini yake aliandika kwa herufi ndogo: Huu ni mfano tu, badilisha.

Nani hubadilisha? Kila mhandisi duniani huanza kwa kunakili mfano, aone kijani, moyo utulie, halafu ndipo aongeze mambo yake chini. Yeye mwenyewe ndivyo alivyojifunza kazi. Katika chumba cha majaribio hilo halina madhara, kwa kuwa majaribio yakiisha kila kitu hufutwa. Lakini baada ya Tope Kuu watunga sheria hawakutaka ujanja wa wazabuni. Wakaamuru kwamba mtambo uliopimwa ndio utakaowekwa mlimani, pasipo kutolewa hata skrubu. Sikio likapanda milimani pamoja na mitambo, likiwa na yote liliyofundishwa kutarajia.

Akafungua mipangilio ya kituo cha Lupando. Ukurasa wa mfano ulikuwa pale juu kabisa, neno kwa neno. Hata lile onyo dogo lilikuwa pale. Huu ni mfano tu, badilisha.

Mlima wa Lupando ulikuwa umeanguka mwezi wa pili, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Hakikulia kitu. Miongoni mwa waliofukiwa alikuwamo Tumpe, kitinda mimba wa Mama Mkubwa, yaani dada wa mama yake Atupele, ambaye ndiye aliyemlea Atupele tangu akiwa na miaka sita. Na mlinzi wa zamu kituoni alikuwa Gwakisa, kaka yake Tumpe. Mahakama ilimfunga Gwakisa miaka kumi na minane, kwa hoja moja tu: mtambo mzima hauwezi kunyamaza, basi kuna aliyeuziba mdomo ili apate kulala.

Atupele aliinuka, akaiacha chai mezani, akaenda kwa mkuu wa idara.

2

Injinia Ambokile alikuwa mkuu wa idara, mtu mzima mwenye sauti ya upole na tabia ya kufuta miwani yake kila alipoambiwa jambo asilolitaka. Aliifuta muda mrefu.

"Vituo vingapi?"

"Vinne vina ule ukurasa. Vingine waliufuta. Nadhani kwa bahati."

"Na ukiutoa?"

"Mstari unapita. King'ora kinalia. Nimejaribu hapa mezani mara ishirini."

"Basi toa. Leo hii, katika vituo vyote. Andika kwamba ni marekebisho ya kawaida." Akavaa miwani. "Sasa niambie lile lingine, maana naona bado limekukaa kooni."

"Gwakisa hana hatia, Injinia. Alikuwa macho. Alikuwa anaitazama skrini, na skrini ilimwambia kuna amani. Nataka kwenda mahakamani Jumatatu."

Ambokile hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alikwenda dirishani, akatazama mvua inavyopiga migomba.

"Unaijua sheria ya ushahidi wa mitambo kuliko mimi. Kumbukumbu za mtambo zikitiliwa shaka mbele ya hakimu, nini hufuata?"

Atupele alijua. Mitambo yote ya aina ile huzimwa hapo hapo, hadi ipimwe upya mmoja mmoja. Zingepita wiki kumi, na kama wangeharakisha, nane.

"Na sasa tuko mwezi wa nne," alisema Ambokile. "Mlima umelewa maji. Watu wote wa kule juu wanalala kwa kuiamini ile mitambo, na kuanzia leo hii inastahili kuaminiwa kwa mara ya kwanza. Wewe unataka tuizime."

"Nataka mtu asiye na kosa atoke gerezani."

"Na mimi nataka hivyo. Mvua zikikatika, mwezi wa sita, nitakusindikiza mwenyewe na nitavuliwa cheo pamoja nawe. Ukienda Jumatatu sitakuzuia. Ila kabla hujaenda, simama kwenye mteremko wowote wa kule, hesabu paa unazoziona."

"Injinia, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini, mwanangu? Huo ndio ukweli wenyewe ulivyo."

3

Alikwenda kwanza gerezani, kwa sababu hakuona haki ya watu wawili kukaa ofisini na kuigawa miaka ya mtu wa tatu.

Gwakisa alikuwa amekonda. Shingo yake ilicheza ndani ya kola. Alikuwa mtu wa masihara tangu utoto, na alipomwona dada yake nyuma ya kioo alijaribu masihara yale yale.

"Mama Chai! Hujaniletea hata kikombe?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akitaja chungu, mfano, sheria ya skrubu. Gwakisa alisikiliza bila kumkatiza. Atupele alipofika kwenye ukurasa wa Lupando, Gwakisa alifumba macho.

"Kwa hiyo sikulala," alisema.

"Hukulala."

"Unajua nilikuwa nimeanza kuamini? Watu wote wanakuambia ulilala, hakimu, mwendesha mashtaka, mama yako mzazi. Unaanza kujiuliza, labda nilisinzia, labda dakika moja tu, labda ndiyo iliyomuua Tumpe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ndaga, dada. Asante."

"Usinishukuru. Ni mkono wangu, Gwakisa. Ule mstari niliuandika mimi."

Atupele alingoja atukanwe, na kwa kweli alitamani atukanwe. Badala yake Gwakisa akauliza mvua zinasemaje. Akamwambia na hilo pia, juu ya kuzimwa kwa mitambo, juu ya wiki kumi.

Gwakisa alikuwa amekaa kituoni miaka saba. Aliwajua watu wa mteremko ule kwa majina, aliijua milango yao. Akasema kwa sauti ya mtu anayepanga zamu za kazi.

"Subiri mwezi wa sita."

"Kaka..."

"Mimi ninakula, ninalala, sinyeshewi. Waache kwanza wavuke masika. Tumpe hafufuki nikitoka Jumatatu." Akasogea karibu na kioo. "Ila Mama. Tangu hukumu hajaja hata mara moja. Alituma ujumbe kwamba alizaa watoto wawili na wote wamezikwa Lupando."

"Nitamwambia leo hii."

"Usimwambie! Unamjua. Atatoka na kanga moja kwenda kumpigia hakimu kelele, na kesho yake mitambo imezimwa. Mvumilie tu. Lakini akizidiwa, Atupele, nasikia kifua kimemrudia. Akizidiwa mwambie. Yeye peke yake. Asife akidhani nililala, mdogo wangu akafukiwa."

"Nitamwambia."

"Niapie."

Akaapa, mkono juu ya kioo, mkono wake na wa kaka yake ikiwa imetenganishwa na unene wa kidole.

4

Mwishoni mwa mwezi ule king'ora cha kituo cha Isyeto kililia saa nane mchana. Watu walikimbia na watoto, na mbuzi, mama mmoja na sufuria ya kande ikiwa bado inachemka, na nyuma yao mlima ukashuka ukafunika kijiji kizima. Hakufa mtu. Isyeto kilikuwa mojawapo ya vile vituo vinne.

Atupele alisoma kumbukumbu za siku ile mezani kwake. UDONGO UMESOGEA, mstari baada ya mstari, hakuna uliomezwa. Alilia, na hakujua analilia nini. Gwakisa alikuwa ameona sawa, Ambokile alikuwa ameona sawa, na bado kila alipoinua kikombe cha chai alikirudisha mezani bila kunywa.

Wiki iliyofuata akaitwa kwa Mama Mkubwa.

Chumba kilinukia mafuta ya mchaichai na nguo zisizokauka. Wanawake wanne wa kwaya walikuwa wamekizunguka kitanda, mmoja akimkanda mgongo mgonjwa, mwingine akichemsha maji. Mama Mkubwa alikuwa amelazwa juu ya mito mitatu ili apate pumzi. Mikono iliyombeba Atupele mgongoni, ikamsuka, ikamchapa alipovunja chungu cha maji, ilikuwa imebaki mifupa.

"Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja, Mama Mkubwa. Pole."

"Nimeshapoa." Akakohoa mpaka wanawake wakamwinua. Alipotulia, alimshika Atupele kifundo cha mkono. "Nina swali. Nimelilaza humu muda mrefu, sikupata wa kumuuliza. Hawa wenzangu wanajua nyimbo tu."

Wanawake wakacheka kwa heshima.

"Wewe ndiye unayetengeneza vile vyombo. Niambie kweli. Chombo kinaweza kusema uongo?"

Mvua ilikuwa juu ya bati. Atupele aliwatazama wanawake wa kwaya, wote wanne, na wote wanne walikuwa wamemgeukia, maana na wao walikuwa na ndugu Lupando. Angewaomba watoke. Neno moja tu: mama zangu, tupisheni kidogo. Wangetoka, na wangekaa barazani wakijiuliza ni siri gani hiyo, na kabla ya jua kuzama soko zima lingekuwa linajiuliza. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Na chini ya hilo lilikuwapo jingine, ambalo hakujiambia. Akisema kwamba Gwakisa hakulala, Mama Mkubwa atauliza basi ni nani. Na atakuwa ameushika mkono huu huu.

"Kesho," alisema moyoni. "Kesho asubuhi, wakiwa wamekwenda makwao."

"Hapana, Mama Mkubwa," akajibu. "Chombo hakisemi uongo."

Mgonjwa akaachia mkono wake. Hakuutupa kwa hasira, vidole vilifunguka tu.

"Basi alilala," alisema, akaugeukia ukuta.

Atupele alikaa hadi giza lilipoanza kuingia, akamnywesha uji vijiko viwili, akaondoka akiahidi kurudi mapema. Alirudi mapema kweli. Alipofika kwenye kona ya migomba karibu na nyumba alisikia kwaya wakiimba, na waliimba ule wimbo unaoimbwa mtu akishaondoka. Akasimama pale pale njiani, mwavuli umefungwa mkononi, akalowa.

Gwakisa aliletwa kuzika akiwa na pingu. Hakuna jirani aliyempa mkono wa pole. Alitupa udongo kwa mikono miwili iliyofungwa, na askari walipomgeuza kumrudisha kwenye gari alimtafuta dada yake kwa macho katikati ya watu. Alikuwa anauliza. Atupele aliinamisha kichwa, na kaka yake akaichukua ile kuwa ndiyo, uso wake ukapata nafuu, akapanda gari kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

5

Mvua zilikatika wiki ya pili ya mwezi wa sita. Atupele na Ambokile walikwenda mahakamani siku moja, wakakaa benchi moja. Hakimu aliwekewa chungu cha udongo mezani. Atupele alikitikisa kwa mfano wa zamani: kijani, kimya. Akafuta mstari mmoja, akakitikisa tena, na king'ora kikalia ndani ya ukumbi mpaka watu wakaziba masikio. Haikuhitaji maelezo marefu. Mitambo yote ilizimwa siku ile, milima ikiwa mikavu, na Ambokile alivuliwa cheo kama alivyotabiri, akapokea kwa kufuta miwani.

Atupele hawakumfukuza. Walimwachia Sikio alitengeneze upya, kwa sababu hakuna mwingine aliyelijua. Aliondoa kumeza. Kuanzia sasa Sikio lingeushuhudia mstari na kuuacha upite, uwe umetarajiwa, usitarajiwe. Akaongeza amri ya nne, FIKISHA, inayokataa kuwasha kijani mpaka mstari umefika kwa anayepaswa kuusikia. Skrini za idara zikawa na kelele tangu asubuhi hadi jioni, na desturi ya chai ya kwanza ikafa yenyewe. Alipoijaribu amri ile mara ya kwanza na kuona inafanya kazi, hakufurahi hata kidogo.

Gwakisa alitoka siku ya Alhamisi. Alimkuta dada yake nje ya lango ameshika mfuko wa nguo zake za zamani na chupa ya chai.

"Leo umekumbuka kikombe," alisema, akacheka, akamkumbatia hadi miguu ikamwondoka chini.

Walikwenda moja kwa moja makaburini, kwa kuwa alitaka kuanzia huko. Njia ilikuwa kavu, imepasuka pasuka. Alizungumza njia nzima, juu ya kazi, juu ya shamba la viazi la mama yake, juu ya wale wa Isyeto waliopona. Alisema wiki zile baada ya mazishi zilipita vizuri kuliko alivyodhani, na sababu ni moja. Kila alipozidiwa alijikumbusha kwamba mama aliondoka akiwa anajua.

Walipofika kwenye kona ya migomba alisimama.

"Sikukuuliza siku ile, na askari walikuwa karibu. Ulipomwambia, alisemaje?"

Atupele alikuwa amelitarajia swali lile kila siku tangu mazishi. Alikuwa na jibu tayari, jibu zuri, lenye maneno ya Mama Mkubwa kabisa, kwamba alicheka, kwamba alisema nilijua mwanangu si mlegevu. Kaka yake angelibeba jibu hilo maisha yake yote na lisingemlemea. Hakuna mtambo duniani ambao ungeweza kulipima.

"Sikumwambia," alisema.

Gwakisa aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Aliniuliza. Aliniuliza kama chombo kinaweza kusema uongo, na nikamjibu hapana. Palikuwa na watu. Nikasema nitarudi kesho." Akautazama mkono wake. "Niliogopa, kaka. Alikuwa amenishika mkono."

"Akasemaje?"

"Gwakisa..."

"Nimekuuliza akasemaje."

"Akasema, basi alilala."

Upepo ulipita kwenye migomba, majani makavu yakagongana. Gwakisa akanyoosha mkono, akauchukua mfuko wa nguo zake kutoka kwa dada yake, taratibu, kama unavyompokea mtu mzigo aliokusaidia kubeba, akauweka begani. Chupa ya chai alimwachia.

Akatangulia peke yake kuelekea kaburini, na Atupele akabaki pale kwenye kona, hajui kama anaruhusiwa kumfuata.